Kampala bila nyama: kibandani, kwa Wahabeshi, kwa Wahindi au mkahawani?

Asiyekula nyama akiingia Kampala hupewa habari mbili zisizopatana. Mmoja atamwambia hii ni nchi ya matoke, maharage na karanga, hawezi kulala njaa. Mwingine atampa pole: hapa hata maharage hupikwa na supu ya ng'ombe. Wote wawili wanasema kweli. Chakula cha shambani kimejaa mji mzima, kutoka Kalerwe mpaka Ggaba, tena kizuri. Shida ni kile kinachoingia kwenye sufuria wakati mteja haoni, na kila jiko la mji huu lina chake linachokificha. Ndiyo maana kuuliza tu "wapi kuna chakula cha mboga?" hakusaidii, utaelekezwa kokote. Afadhali ujiulize unakwepa nini hasa, njaa yako ni ya saa ngapi, na mfukoni umebakiza noti gani.

Nawaandikia hasa wanaozungumza Kiswahili hapa mjini: mwanafunzi wa Kenya au Tanzania anayesoma KIU pale Kansanga, mfanyabiashara aliyekuja kufunga mzigo Kikuubo, jirani zetu Wakongomani wa Katwe, na mwenyeji aliyepigiwa simu kwamba mgeni wa kesho hali nyama. Nikisema "mla mboga" nina maana ya mtu asiyekula nyama, kuku wala samaki, lakini maziwa na mayai hana ugomvi navyo. "Vegani" ni yule asiyegusa chochote kitokacho kwa mnyama, hata samli kwenye dengu, hata asali kwenye chai. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyosikika, maana jiko linalomfurahisha wa kwanza laweza kumtesa wa pili.

Tunapimaje

Nimetumia vipimo vitano. Cha kwanza, na kwangu ndicho kizito, ni kilichojificha: supu, samaki, samli, mafuta yaliyokaangia kuku. Cha pili ni ladha na shibe, kwa sababu chipsi na kabichi mbichi si mlo wa mtu mzima. Cha tatu ni noti. Cha nne ni saa, siku na njia. Chakula cha Kampala kina saa zake, na foleni ya Ggaba Road ina zake. Cha tano ni watu utakaoketi nao.

Majiko ni manne. *Kibandani* nakusudia hoteli za kawaida za chakula cha kienyeji, za sokoni, za kando ya Old Taxi Park, za nyuma ya ofisi, pamoja na vijana wa chapati barabarani. *Kwa Wahabeshi* ni hoteli za Kiethiopia na Kieritrea, ambazo nyingi ziko Kabalagala na kando ya Ggaba Road. Fasika ni mojawapo ya zinazojulikana. *Kwa Wahindi* ni kuanzia Masala Chaat House pale Dewinton Road, karibu na National Theatre, mpaka zile za vitambaa mezani kama Khana Khazana ya Kololo. *Mkahawani* ni Café Javas, Endiro, Prunes na wenzao wa Kololo, Kisementi na Bugolobi, penye kahawa, saladi na intaneti.

Kilichojificha

Kibandani chakula huuzwa kwa nusu mbili. Kuna "chakula", yaani matoke, posho (ugali), wali, muhogo, viazi vitamu na boga, halafu kuna kitoweo. Unalipia kitoweo, chakula huja kimechanganywa kikajaza sahani. Kwa asiyekula nyama hii ni neema, maana karibu vyote vya nusu ya kwanza vimechemshwa au kuivishwa kwa mvuke ndani ya majani ya mgomba. Balaa iko kwenye nusu ya pili. Ukikataa nyama, kuku na samaki, mama mwenye upawa atakuonea huruma. Utasema "Sirya nnyama", naye atakujibu "Kale, nakupa supu tu", na kabla hujafungua mdomo tena, supu imeshamwagika juu ya matoke. Kwake yeye supu si nyama. Nyama ni kipande. Kwa hiyo weka ulimini sentensi mbili za Kiganda: "Nnyabo, mulimu ennyama?" kumuuliza kama ndani mna nyama, na "Toteekako supu" kumzuia kabla mkono haujainuka. Ya pili ndiyo yenye faida zaidi.

Mchuzi wa karanga, binyebwa, ndio wa kuuchunguza kuliko vyote. Karanga za hapa zina ngozi nyekundu, zikisagwa na kuchemshwa taratibu mchuzi hutoka mzito, wenye rangi ya waridi iliyokolea, na uzito huo hufunika mengi. Wapishi wengi huukoleza kwa samaki wa moshi, wengine kwa mukene, dagaa wetu wa huku, waliotwangwa. Wakitiwa wazima utawaona. Wakitwangwa, utawajua kwa harufu tu, na hapo umeshameza tonge mbili. Maharage ni salama zaidi, ila uliza kama yametiwa viungo vya pakiti vyenye ladha ya ng'ombe. Kwenye hoteli za watu wa magharibi, Ankole na huko, firinda ya maharage yaliyomenywa huongezwa samli, na eshabwe ni samli yenyewe iliyopigwa ikawa nyeupe. Mla mboga na ale, vegani apite.

Chapati ya barabarani kwa kawaida ni unga, maji, chumvi na mafuta, lakini kikaango ndicho hichohicho kinachokaangia mayai ya rolex, chapati inayoviringishwa na mayai ndani. Na ukifika msimu wa nsenene, mwezi wa Novemba hasa, utakuta muuzaji na mteja wakibishana kama panzi ni nyama. Panzi si mboga, jamani, hata akiwa mtamu.

Kwa Wahabeshi hesabu inageuka. Waumini wa Kanisa la Othodoksi la Ethiopia hufunga kila Jumatano na Ijumaa, isipokuwa siku 50 baada ya Pasaka, na hufunga siku 55 kabla ya Pasaka hiyo, siku 15 ndani ya Agosti, na majuma kadhaa kabla ya Krismasi yao ya tarehe 7 Januari. Katika siku hizo hawali nyama, maziwa, siagi wala mayai. Maana yake ni kwamba chakula cha vegani pale hakikubuniwa kwa ajili ya mteja mwenye masharti. Ni chakula cha mpishi mwenyewe, alichokila tangu utoto kwa mama yake. Ukisema "yetsom beyaynetu", sinia ya mfungo yenye mchanganyiko, umeeleweka bila maelezo wala kuombwa radhi.

Kuna mitego miwili tu. Siku isiyo ya mfungo, shiro (mchuzi mzito wa unga wa jamii ya kunde) na hata dengu vinaweza kutiwa kibe, ile siagi yao yenye viungo, kwa hiyo hata ukienda Jumanne sema neno yetsom. Mtego wa pili ni samaki: wapo wanaomhesabu kuwa halali ya mfungo, na hoteli nyingine humworodhesha sehemu hiyohiyo ya menyu. Uliza.

Kwa Wahindi nyama ni rahisi kuikwepa. Wahindi wengi wa Uganda asili yao ni Gujarat, ambako ukoo mzima unaweza kuishi vizazi bila kula nyama. Idi Amin aliwafukuza mwaka 1972, na waliorejea miaka ya baada ya 1986 walirejea na majiko yao. Menyu huwa na sehemu ya mboga iliyojitenga, mara nyingi ndefu kuliko ya nyama, na mhudumu hakushangai. Wapo hata wateja wanaokataa vitunguu na vitunguu saumu kwa sababu za dini, na jiko linawapikia. Vegani ndiye mwenye kazi. Dengu hukolezwa kwa samli mwishoni, mchuzi mwekundu mzuri umetiwa krimu, naan ina mtindi, na paneer ni jibini. Sema "bila samli, bila krimu, bila mtindi", vyote vitatu kwa majina. Ukisema "bila maziwa" tu, samli hupita mlangoni kimyakimya kwa sababu wengi hawaihesabu kuwa maziwa. Agiza roti ya tandoori isiyopakwa siagi, chana, bamia, viazi na koliflawa, mabiringanya, au masala dosa, ile chapati nyembamba ya mchele na dengu yenye viazi ndani, iliyokaangwa kwa mafuta ya kawaida.

Mkahawani mambo yameandikwa, na hiyo ni sifa kubwa. Wahudumu wameshazoea wageni wenye mzio na masharti, wanaweza kurudi jikoni kuuliza bila kununa. Kinachojificha ni vitu vidogo: yai la kushikanisha baga ya maharage, siagi kwenye mkate, krimu kwenye supu ya boga, na chipsi zilizokaangwa pamoja na kuku. Ukiuliza, utajibiwa ukweli. Usipouliza, hakuna atakayekuambia.

Ladha na shibe

Wanaodharau chakula cha kibandani hawajapewa sahani sawasawa. Chukua matoke yaliyopondwa, ya moto, yenye umanjano, kando yake maharage, dodo (mchicha) iliyokatwa nyembamba na nyanya, ntula (nyanya chungu) mbili zenye uchungu kidogo, na nusu ya ovakedo. Mchana ukila hivyo, hutasikia njaa mpaka magharibi. Katika majani mengine, nakati ina uchungu wake wa kupendwa polepole; bbugga ni nyekundu na laini. Asubuhi kuna katogo, matoke yaliyochemshwa sufuria moja na maharage au karanga. Hakikisha tu si ile ya matumbo, ambayo ndiyo maarufu.

Ukibahatika kupata hoteli ya watu wa kaskazini, nenda bila kusita. Malakwang ni majani yenye uchachu, huchemshwa kisha hukorogwa na odii, ule uji mzito wa simsim na karanga zilizosagwa, na huliwa na viazi vitamu. Uchachu, mafuta ya simsim na utamu wa kiazi vikikutana mdomoni, unasahau kuuliza nyama iko wapi. Boo, majani ya kunde, nayo hutiwa odii. Kwangu mimi hiki ndicho chakula bora cha vegani katika nchi hii, na inanisikitisha kwamba mgeni anaweza kukaa Kampala mwezi mzima asikione. Wakongomani nao wana sombe (kisamvu) na lenga-lenga. Lenga-lenga ni dodo ileile kwa mkono mwingine, na sombe iliyoiva kwa mawese ni tamu mno, ila samaki mkavu hupenda kujipenyeza humo.

Kibanda kina chakula cha sherehe pia. Luwombo watu huijua ya kuku, lakini ipo ya karanga na uyoga. Jani la mgomba hubabuliwa motoni hadi lilainike lisipasuke, karanga na uyoga hutiwa katikati, kisha jani hukusanywa juu na kufungwa kwa kamba ya mgomba na kuachwa kwenye mvuke kwa saa kadhaa. Linapofunguliwa mezani, mchuzi umeshaganda pembeni na uyoga umekunywa karanga. Iulizie mapema, kwa sababu wengi huipika kwa kuagizwa, na urudie lile swali la samaki wa moshi.

Kwa Wahabeshi utamu uko kwenye wingi. Injera, mkate wao mwembamba kama chapati, hutandikwa sinia nzima, laini, yenye vitobo na uchachu, juu yake humiminwa vilima: misir, dengu nyekundu zenye pilipili ya berbere, kik alicha, njegere kavu za njano zisizowasha, gomen, ambayo Mkenya ataitambua kuwa binamu wa sukuma, kabichi na karoti, maharagwe machanga ya kijani, na shiro inayotokota bado ndani ya chungu kidogo. Injera ya chini, iliyonyonya michuzi yote, ndiyo watu hugombea mwishoni. Inashibisha kwelikweli. Asiyekula ngano asidhani injera ni teff tupu, ile nafaka ndogo ya Ethiopia. Nje ya Ethiopia huchanganywa na unga mwingine mara nyingi, basi na aulize.

Kwa Wahindi ndiko penye aina nyingi kuliko kote. Unaweza kula mwezi bila kurudia sahani, ukiwa huna shida na samli. Vitafunio vya chaat, vyenye ukwaju, pilipili, dengu za kukaanga na mtindi, ni mlo wa jioni wa kutosha. Na usiondoke bila mogo, muhogo uliokaangwa ukanyunyiziwa chumvi, pilipili na ndimu, chakula ambacho Wahindi wa Afrika Mashariki wamekifanya chao kabisa. Wasiopenda viungo ndio watakaoteseka huku, kwa sababu hata ukiomba "pilipili kidogo", kidogo hicho ni cha mpishi.

Mkahawani usitegemee chakula kitakachokufanya upige simu nyumbani kusimulia. Ladha ni ya wastani, iliyopimwa isimkere mtu. Lakini pana mambo matatu ambayo majiko mengine hayakupi: mboga mbichi zilizooshwa vizuri ambazo unaweza kuzila bila wasiwasi wa tumbo, kifungua kinywa cha matunda na mkate bila nyama, na kahawa nzuri ya Mlima Elgon. Mtu aliyekula matoke siku nne mfululizo huitamani saladi kama dawa.

Noti

Kibandani noti ya shilingi 5,000 za Uganda hukulisha maharage na chakula mchanganyiko, mara nyingi na chenji. Kikomando, chapati iliyokatwakatwa na kumwagiwa maharage, mara nyingi haizidi noti ya 2,000.

Kwa Wahabeshi kadiria noti ya 20,000 kwa sinia, ila sinia moja ya mfungo inaweza kuwatosha wawili wasio na pupa, na hapo gharama inashuka hadi 10,000 kwa kila mmoja, ingawa bado inazidi ya kibandani. Kwa Wahindi inategemea umeketi wapi. Chaat au dosa hukaa kwenye kiasi hichohicho, lakini kwenye hoteli za vitambaa kila kitu huhesabiwa peke yake, wali peke yake, roti peke yake, na bili hupanda kwa hatua ndogondogo. Mkahawani sahani moja na juisi vitaila noti ya 50,000 vibakize kidogo. Angalia pia kama bei za menyu zimejumuisha kodi ya VAT ya asilimia 18, maana si kila mahali zimejumuishwa.

Saa, siku na njia

Chakula cha kienyeji ni cha mchana. Saa sita hadi saa nane ndipo kila kitu kipo. Saa tisa dodo imekwisha, saa kumi umebakiwa na posho na nyama. Usiku kibanda hugeuka kuwa chapati, chipsi na kuku wa kuzunguka kwenye oveni ya vioo, na asiyekula nyama ana kikomando, au rolex akiwa anakula mayai.

Wahabeshi wa Kabalagala huchelewa kufunga, na ndilo jibu la mwanafunzi wa Kansanga anayetoka maktaba usiku, kwa kuwa ni karibu hata kwa miguu. Jumatano na Ijumaa sinia ya mfungo huwa mbichi na kamili zaidi, kwa sababu Wahabeshi wenyewe ndio wanaoila. Tatizo la Ijumaa usiku ni Kabalagala yenyewe: baa, muziki, msongamano. Nenda Jumatano, au Ijumaa mchana. Kutoka katikati ya mji jioni usithubutu kupanda teksi (matatu za hapa), foleni itakukwamisha, chukua boda.

Wahindi wana mchana na usiku, na Dewinton Road inafikika kwa miguu kutoka karibu popote katikati ya mji. Mkahawa ndio wa uhakika saa moja asubuhi na saa kumi jioni, saa ambazo, ukiacha katogo ya asubuhi kibandani, majiko mengine mengi yamelala.

Mezani na nani

Ukiwa peke yako, kibanda hakina mpinzani: unakaa, unakula, unaondoka. Ukiwa na wala nyama, kibanda bado ni kizuri, kila mtu na kitoweo chake. Kwa Wahabeshi ni pa watu wanaopendana, maana mnakula sinia moja kwa mikono. Kama mwenzako ameagiza tibs (nyama ya kukaanga) za ng'ombe, omba sinia mbili, vinginevyo mchuzi wa nyama utatambaa kwenye injera mpaka upande wako. Faida nyingine haisemwi sana: meza yenye Mwislamu, Mkristo wa Kiethiopia na Mhindu, ambao kila mmoja ana masharti yake ya nyama, hutulia kabisa ikiagizwa sinia ya mfungo. Anayeepuka mahali panapouzwa pombe ajue kwamba hoteli nyingi za Kabalagala zina baa ndani.

Familia yenye wazee na watoto, kwa Wahindi inakaa vizuri. Viti ni vya kutosha na wapishi wamezoea meza kubwa. Mkutano wa kazi, mkahawani. Hapo hakuna atakayekuuliza kwa nini huli nyama, jambo ambalo kibandani litazungumzwa na meza tatu za jirani, kwa upendo lakini kwa sauti.

Kwa hali yako

Wewe ni vegani kamili, umefika jana, huna Kiganda: anza Kabalagala. Siku mbili za mwanzo kula yetsom huku ukijifunza zile sentensi mbili, kisha hamia kibandani kwa mchana.

Unakaa hapa, bajeti ni ya mwanafunzi: tafuta mama mmoja karibu na unapolala au unaposoma, umzoee na akuzoee. Mwambie mara moja na kwa heshima, "Mama, mimi sili nyama wala supu yake", ukiwa umefika kabla ya saa sita, wakati bado ana nafasi ya kusikiliza. Ukirudi mara ya tatu atakuwekea maharage yako pembeni kabla ya kuyakoleza. Urafiki huu una thamani kuliko menyu yoyote iliyochapishwa, na ndiyo maana nasema mlaji wa kudumu asihangaike kuzunguka mji.

Unakula maziwa na unapenda viungo: Wahindi, bila mjadala mrefu. Usipokuwa na pesa za hoteli, kumbuka kwamba desturi ya Masingasinga ni kupika langar kwenye gurdwara, hekalu lao, mlo wa mboga wa bure kwa yeyote anayeingia. Unavua viatu, unafunika kichwa, unakaa chini na wenzako.

Unampokea mgeni wa kigeni mwenye tumbo jepesi: siku ya kwanza mkahawani, ya pili kwa Wahabeshi. Luwombo ya uyoga mpe siku ya tatu, akiwa ameshatulia.

Una mzio wa karanga: kibanda kitakutisha, na hoteli za kaskazini usizikaribie, maana odii iko karibu kila sufuria. Kwa Wahindi uliza kuhusu korosho kwenye michuzi mizito. Wahabeshi na mkahawa ndio watakaokufaa, mradi uulize.

Mwislamu anayetaka mahali pasipo pombe, na hali nyama: mchana kibandani, jioni kwenye maduka ya chaat.

Na ukijikuta Wandegeya saa sita usiku, umezungukwa na moshi wa kuku, kikomando ndiyo yako. Kama wewe ni vegani, omba chapati zilizokwisha kupikwa, zile za ndani ya ndoo, na usikubali zipashwe moto kwenye kikaango, maana humo rolex ya mwisho imeacha yai lake. Maharage yakiwa yametoka jikoni sasa hivi, yatazipasha yenyewe.